Sayuri Alivyofia Mukuju

Godoro lilikuwa limekwisha kufungwa kwenye boda, limekunjwa kama chapati, juu yake beseni, na ndani ya beseni sufuria mbili zikigongana kila mwendeshaji alipojaribu breki. Daphine alikuwa ameshakaa nyuma ya boda ya pili, kitenge kimemfunika magoti, begi mgongoni. Ilibaki kuvuka tu. Kutoka ule ua wa Busia ya Uganda hadi Busia ya Kenya hata jasho halikutoki. Watu huvuka kwenda kununua chumvi na kurudi kabla chai haijapoa. Lakini Elungat alisimama mlangoni kama mtu anayesindikiza jeneza.

"Papa, si useme kitu," Daphine akamwambia. Papa ndivyo Wateso wanavyomwita baba, ingawa Elungat hakumzaa. Daphine alikuwa mtoto wa marehemu ndugu yake, Olupot, na Elungat ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

Elungat akatazama godoro. Akatazama beseni. "Simu iko wapi?"

"Simu ni yangu, Papa."

"Najua ni yako. Nauliza tu iko wapi."

"Iko kwa begi. Kila mechi nitakupigia. Hata akigusa mpira mara moja nitakuambia, haki ya Mungu."

Huyo wa kugusa mpira hakuwa Okochi, mwanamume aliyekuwa akimchukua Daphine asubuhi ile. Alikuwa Sayuri Tokumaru, winga wa kushoto, Mjapani, ambaye hata siku moja hakuwahi kusikia kwamba kuna mji unaitwa Busia. Boda zikawaka, zikaondoka. Elungat akabaki na vumbi, na simu yake ndogo ya tochi ambayo haikuweza kuonyesha hata picha ya mbuzi.

Ukitaka kumjua Elungat, jua kwanza kwamba hakuwahi kutulia. Shule alisoma vipandevipande: darasa moja Tororo, jingine Nabuyoga alikopelekwa kuchunga ng'ombe za mtu, jingine halikuisha. Baadaye akawa utingo wa malori makubwa, na huko ndiko alikozeekea. Mombasa, Kigali, Juba, Lubumbashi. Unalala chini ya trela, unaamkia mji mwingine. Mke alimpata, mke akachoka. "Wewe ulishaoa barabara," alimwambia, akarudi kwao.

Mwaka ule wa 2011 lori lao lilikwama Busia kwenye foleni ya forodha. Elungat akaingia baa kutafuta kiti tu, akakuta runinga inaonyesha wanawake wanacheza fainali ya Kombe la Dunia. Upande mmoja Wamarekani, warefu, mabega kama milango. Upande wa pili Wajapani, wafupi, wamejikusanya kama vifaranga. Mara mbili Wamarekani walitangulia kufunga, mara mbili wale wafupi wakawafikia, na kwenye penalti wakawamaliza. Wenzake baani walicheka, wakaagiza nyingine. Elungat hakucheka. Alitoka akiwa mtu aliyeposwa. Ligi za wanaume akawaachia wengine, hata vijana wa steji ya boda wakampachika jina: Mzee wa Wajapani.

Kwa muda mrefu alikuwa peke yake katika jambo hilo. Kisha akaacha malori, na Daphine, aliyekuwa akiachwa kwa bibi yake kila safari, akakua, akaanza kuuza mitumba, akanunua simu ya kupangusa, na hapo wakawa wawili. Daphine alisoma, Elungat akakumbuka. Daphine angesema fulani kahamia Uingereza, na Elungat angesema, "Huyo si ndiye aliyekosa penalti siku ile ya mvua?" Waliwafuata nyumbani kwao na ugenini. Mechi za Japani zilichezwa huku ikiwa saa ya uji, maana kule jua hutangulia. Za Ulaya zilikuja jioni, Daphine akishatoka sokoni. Kichwani mwa Elungat ligi zile zilipangana kama vituo vya malori. Kuondoka Japani kwenda Uswidi aliona ni kama kutoka Mombasa kwenda Juba: mshahara sawa, lakini hali ya hewa utajua mwenyewe.

Sayuri walimpata mapema, akiwa kwenye klabu ya mji mdogo wa Japani, miguu myembamba, soksi zimeshuka. Elungat alimpenda kwa kitu kimoja. Mpira usipokuja kwake, hakupunga mikono wala kulalamika. Alisimama kwenye mstari akingoja, kama utingo anayengoja lori lipinde kona. Ukija, alikuwa tayari. Akaenda Uswidi, wakaenda naye. Akaumia goti, wakakaa naye mwaka mzima bila mechi, Daphine akitafsiri habari za daktari. Akapata klabu Ujerumani, daraja la pili, na huko akakaa benchi. Waliliangalia lile benchi. Kamera ikipita, Daphine alipiga kelele, "Papa, huyo! Amevaa kofia!" na siku hiyo ilihesabika kuwa nzuri.

Sasa Okochi aliingia vipi? Hapo ndipo palipomchoma Elungat zaidi, kwa sababu mlango alifungua mwenyewe.

Ilikuwa Kombe la Dunia la 2023. Mechi ya Japani na Hispania iliangukia asubuhi, saa ambayo vibanda vya video havina mtu, na Elungat akamsihi Mangeni, mwenye kibanda, awashe mashine. Mangeni akawasha huku akinung'unika kwamba anachoma umeme kwa ajili ya mzee mmoja na binti yake. Katikati ya kipindi cha kwanza akaingia kijana wa shati jeupe, Msamia wa upande wa Kenya, karani wa ajenti wa forodha. "Hapa ndipo wanaonyesha Japani?" akauliza. Elungat alifurahi kama aliyeona ndugu ugenini. Akasogea kwenye benchi. Akampisha katikati, kati yake na Daphine. Japani ikawatandika Wahispania nne bila, na kila bao lilipoingia, Okochi na Daphine walipigana viganja mbele ya pua ya Elungat.

Kombe lenyewe baadaye walilibeba haohao Wahispania. Daphine alibebwa na Okochi.

*

Daphine alitimiza neno lake la kupiga simu, kwanza kila mechi, kisha mechi moja moja. "Papa, leo hakucheza." "Papa, nilisahau, ilikuwa jana." Elungat akaona bora aende mwenyewe.

Lakini palikuwa na jambo. Kwa watu wa ukoo wake, baba wa msichana hakanyagi nyumba ya mkwe, wala haonji chumvi yake, mpaka ng'ombe wa mahari watoke. Na ng'ombe walikuwa bado. Basi Daphine akafanya akili. Akaweka stuli nje, chini ya dirisha, akafungua pazia, akageuza kompyuta ya Okochi iangalie nje kidogo. Elungat akakaa uani kwa watu, kofia mkononi, akatazama mpira kupitia nondo za dirisha. Ndani, kwenye kochi, walikaa wale wawili na karanga zao.

Kompyuta ile ilikuwa pana kama trei ya chai. Okochi alikuwa na kila kitu: msimamo wa ligi, nani kasajiliwa, nani kapiga pasi ngapi. Na alikuwa na adabu, jambo ambalo lilimfanya achukiwe vizuri zaidi.

"Baba," akasema kupitia dirishani, "huyo Sayuri wako ni mchezaji mzuri. Lakini ameisha."

"Ameisha nani amesema?"

"Si mimi, Baba. Hesabu zake. Msimu huu hajaanza hata mechi moja, na goti limemrudia. Siku hizi moto ni Rio. Rio Amakata, yuko Uingereza, miaka kumi na tisa tu. Ngoja nikuonyeshe bao lake."

"Miaka kumi na tisa huyo mtoto. Hajaumia bado. Mtu hajaumia utamjuaje?"

"Mpira si kuumia, Baba. Mpira ni kutia ndani."

Daphine akacheka. Elungat angeweza kummeza Okochi na shati lake jeupe bila kukohoa, lakini kile kicheko hakikupita. Kilikaa kooni kama mwiba wa samaki. Halafu Daphine, bila kujua, akaongeza, "Sisi siku hizi tunampenda Rio, Papa. Utampenda tu." Sisi! Miaka yote nyumba ya Elungat ikisema sisi, walihesabiwa yeye na Daphine. Sasa neno limehamia kwenye kochi, yeye kabaki na stuli.

Jioni aliporudi upande wake, wanywaji wenzake walikuwa wamezunguka chungu cha ajono, ile pombe ya wimbi inayonyweka kwa mirija mirefu. Mangeni hakumngoja hata akae.

"Mzee wa Wajapani, nasikia siku hizi unatazama mpira kama paka wa jirani."

"Mwache," mwingine akadakia, "paka akichoka kuchungulia huingia."

"Ataingiaje, na ng'ombe hazijatoka? Labda ajigeuze ng'ombe mwenyewe."

Elungat akacheka nao, maana chunguni asiyecheka hunyweshwa maneno. Moyoni hakucheka. Alianza kumchukia Rio kama mtu aliyemwibia kuku. Jumapili moja kanisani, mhubiri aliposema kila mmoja ataje haja yake kimyakimya, Elungat alimwombea Rio kadi nyekundu. Kisha akaona haitoshi, akamwombea goti. Alipomaliza akajifanya anakohoa.

*

Mwaka uliofuata Daphine alijifungua mtoto wa kike. Akapiga simu mwenyewe, sauti imechoka, imejaa furaha.

"Papa, anapiga teke! Mguu wa kushoto ndio una nguvu."

"Huyo Sayuri," Elungat akasema palepale.

"Papa, mimi na Okochi tulishasema Rio."

"Mlisemea wapi? Ng'ombe ziko wapi? Mtoto huyu bado ni wetu. Jina atapewa Mukuju, na Tata."

"Tutakuja Mukuju, Papa. Nani amekataa?"

Tata ni bibi. Huyu alikuwa Alaso, mama yake Elungat na marehemu Olupot, mwanamke aliyekauka kama ukuni wa mkwaju na aliyesikika kabla ya kuonekana. Katika boma lake la Mukuju majina hayakutolewa ovyo. Bibi huchovya kidole kwenye ajono, akamtia mtoto mdomoni, akaita jina. Mtoto akigeuza uso, jina hilo limekataa. Akinyonya, ndilo lake. Na majina yaitwayo ni ya waliokwisha kwenda. Alaso hakutaka mchezo hapo. "Aliye hai jina lake liko kazini," alikuwa akisema. "Ukimwita aliye hai kwenye chungu cha waliokufa, unamchimbia."

Kwa sheria hiyo Rio alikuwa nje. Na Sayuri pia alikuwa nje. Mtoto angeitwa jina la bibi fulani wa zamani, na mambo yangekuwa sare. Lakini Elungat alikuwa ameshachoka na sare.

Alitangulia Mukuju siku moja kabla, eti kupasua kuni. Alaso alikuwa jikoni akionja pombe kwa kidole.

"Kesho nitamwita mama yangu," Alaso akasema. "Nitamwita shangazi yenu Amongin. Nitamwita dada yenu yule aliyekufa mchanga, Atai. Kuna mwingine?"

"Kuna Sayuri."

"Wa ukoo gani huyo?"

"Si wa ukoo, mama. Mjapani. Mcheza mpira. Ndiye aliyetukalisha pamoja mimi na Daphine miaka yote kabla hajaondoka."

Alaso akafikiri. "Rafiki wa nyumba huitwa. Hapa liliwahi kuitwa jina la Mhindi wa duka la Tororo, na mtoto alinyonya." Akalamba kidole. "Amekufa?"

Elungat akasukuma ukuni ndani ya moto, ingawa moto haukuhitaji.

"Amekufa, mama."

"Uuuwi. Nini kilimchukua?"

"Gari. Huko Ujerumani. Barabara zao zina barafu."

"Aliacha mtoto?"

"Hakuacha."

"Maskini. Hata wa kumwita hana." Alaso akachota pombe kwa kibuyu, akaimwaga kidogo mlangoni, akasema maneno ambayo Elungat hakutaka kuyasikiliza. Kisha akageuka. "Daphine anajua?"

"Sijamwambia. Ananyonyesha. Maziwa yatakauka."

Uongo ukishapata mguu mmoja, wa pili hujitafutia wenyewe.

*

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili mchana, watu wametoka kanisani. Wanawake waliingia ndani na mtoto. Wanaume walikaa nje kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mkono wa kulia, maji ya moto yakiongezwa. Okochi, kwa sababu ya zile ng'ombe, hakupewa mrija. Alipewa kiti cha plastiki pembeni na soda, akashukuru kwa mikono miwili. Mangeni alikuwa amepanda boda kutoka Busia kwa ajili ya kunywa tu, na hakuficha.

Ndani sauti ya Alaso ikapanda. Aliita jina la mama yake. Kimya. Akamwita Amongin. Mtoto akalia kidogo, wanawake wakasema, "Hamtaki huyo, hamtaki." Akamwita Atai. Kimya.

"Sayuri!"

Kimya kikakaa. Halafu vigelegele vikapasuka hata kuku wakatawanyika.

Elungat alivuta mrija mpaka chungu kikakoroma. Kifua kilimjaa kama gurudumu jipya. Alijua haifai kusema, akasema. "Umesikia, Okochi?"

"Nimesikia, Baba," Okochi akasema. "Ni jina zuri. Hata mimi nalipenda."

Akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la kweli. Elungat akaona amenyang'anywa ushindi mkononi. Mtu gani huyu asiyejua kushindwa vibaya?

Alaso akatoka na mtoto mikononi. Desturi ilitaka aseme mwenye jina alikuwa nani na aliondokaje, ili mtoto asimfuate njia ile. Elungat alikuwa mtoto wa boma lile, aliiona desturi hiyo mara nyingi. Lakini wivu humfanya mtu asahau hata mlango wa kwao. Aliposikia mama yake akisafisha koo, ndipo akakumbuka.

"Mwenye jina hili alikuwa Sayuri, Mjapani, mcheza mpira, rafiki wa nyumba hii. Aliuawa na gari, Ujerumani, kwenye barafu. Mtoto huyu asipite njia hiyo!"

"Asipite!" watu wakaitikia.

"Nani amekufa?" Ilikuwa sauti ya Daphine, mlangoni, kitenge cha mtoto kikining'inia begani. "Sayuri amekufa? Papa! Lini? Mbona hukuniambia?"

Elungat akauinamia tena mrija.

Daphine akakaa chini, palepale kizingitini, akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia kwa kupiga mapaja. "Na goti lilikuwa limepona! Papa, goti lilikuwa limepona! Wiki iliyopita nilitaka kukupigia nikuambie anafanya mazoezi, nikasema nitamwambia tukikutana!" Na kilio Mukuju hakiachwi peke yake. Wanawake ambao hawakuwahi kumsikia Sayuri hadi saa ile wakashika vichwa, wakaanza. Mzee mmoja aliyekuwa akipita barabarani akasikia, akatupa baiskeli kwenye mtaro, akaja mbio analia, "Jamani, jamani," kisha akamwuliza Mangeni kwa sauti ya chini, "Nani?"

"Mjapani," Mangeni akasema.

"Jamani!" akaendelea.

Elungat alimtazama Daphine. Hakuwa ameona machozi kama yale tangu walipomzika Olupot. Kumbe hakuwa amehama. Rio alikuwa wa kochi, wa karanga na kicheko. Sayuri ndiye aliyekuwa wa damu, bado, miaka yote, hata baada ya godoro kufungwa. Elungat alikuwa amekaa dirishani akionea wivu kitu ambacho muda wote kilikuwa chake. Sasa angeweza kusimama na kusema. Maneno yalikuwa machache tu. Akayapanga. Akayapanga tena.

Okochi hakuwa anapanga. Alishaacha soda, ameshapanda kichuguu nyuma ya zizi, mahali pekee penye mtandao, simu ameiinua juu kama mtu anayechuma embe.

"Yuko hai!" akapaza. "Daphine! Usilie, yuko hai! Anacheza! Ameanza leo, namba kumi na nne, mechi iko hewani sasa hivi!"

Kilio kikakatika vipandevipande, kama mvua inapoondoka. Daphine akainuka, akamnyakua mtoto kwa Alaso, akakimbilia kichuguu. Wanawake nyuma yake. Wanaume wakaacha mirija ikiegemea chungu. Mzee wa baiskeli naye akaenda, maana alishamlilia mtu na alitaka kumwona. Wakapanda wakabanana juu ya udongo ule, vichwa vimegusana juu ya simu moja.

Chini walibaki wawili.

"Elungat," Alaso akasema. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Jana nilimwaga pombe kwa nani?"

Elungat akatazama chungu.

"Nilimwambia alale salama. Nilimwambia asirudi kusumbua. Mtoto wa watu, anacheza mpira mbali na kwao, mimi nimemwambia asirudi. Kwa ajili gani?"

"Nilitaka mtoto awe na jina letu, mama."

"Letu la nani?"

Kule kichuguuni kelele zikapanda zote pamoja, na sauti ya Daphine ikapita zote: "Krosi! Mwone! Mwone!" Halafu wakaruka, kichuguu kikamomonyoka upande, mtu akaanguka, wakacheka. Sayuri alikuwa amefanya kitu. Elungat alikuwa amemngoja miaka mitatu akifanye hicho kitu, na hakujua ni nini, na hakuna aliyeteremka kumwambia.

Alaso akainama, akautoa mrija wa Elungat chunguni, akaukung'uta.

"Jina mtoto ameshalimeza, halitapikwi. Atabaki nalo. Lakini huu hautaingia tena chungu cha boma hili mpaka msichana yule afe kweli. Na mimi nitamwombea miaka mia."

Mechi ilipoisha Daphine aliteremka, mtoto amelala begani, uso bado una chumvi ya machozi. Okochi alibaki nyuma makusudi. Daphine akasimama mbele ya Elungat.

"Ulimuua kwa sababu ya Okochi?"

"Si kumuua. Ni kusema tu."

"Mimi niliamini, Papa. Nililia mbele ya watu."

"Nilidhani umemwacha."

"Si ungeniuliza?" Akangoja. Elungat akauliza kile pekee alichotaka kujua tangu zile kelele.

"Alifanya nini pale? Ile krosi, ilikuwaje?"

Daphine akamfunika mtoto vizuri. "Muulize Okochi," akasema, akaingia ndani.

Elungat hakumuuliza.

*

Sayuri Tokumaru alimaliza msimu ule akiwa anaanza mechi nyingi. Klabu haikumwongezea mkataba. Alirudi Japani, akacheza kidogo karibu na kwao, akastaafu. Sasa anafundisha wasichana wa shule.

Rio Amakata bado yuko Uingereza na bado anafunga.

Okochi alitoa ng'ombe mwaka uleule. Ofisini kwake wanamwita Baba Sayuri. Kazi imempeleka Kisumu na familia yake.

Daphine anauza mitumba huko Kisumu. Mechi anatazama na wanawake wenzake wa sokoni, aliowafundisha mwenyewe. Elungat humpigia Krismasi na Pasaka. Wanaongea mvua na afya, basi.

Alaso alikufa wakati wa kuvuna wimbi. Hukumu yake ya mrija haijafutwa, kwa sababu hakuna mwingine mwenye uwezo wa kuifuta.

Mangeni alifunga kibanda cha video. Anauza simiti.

Elungat aliondoka Busia. Yuko Sop Sop, anafukuza ndege kwenye shamba la mpunga la mtu mwingine, na kwenye maziko ya mama yake alikunywa chai.

Mtoto anatembea na anaanza kusema. Mpira hana habari nao. Anapenda kuku.